Kempu ya mgongo Lamu: anzeni na maji, mikanda ya kiuno wacheni

Kama chama chenu kimepata madaktari wa mgongo wa kujitolea, wawe wa Nairobi ama wa ng'ambo, na mwataka kuwaleta Lamu waone watu bure, basi kabla hamjaandika hata bajeti mtafuteni nahodha mumuulize maji. Sifanyi mzaha. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku husogea mbele kama dakika 50, na pale Mkanda, kati ya Manda na bara, njia ya kwendea kisiwa cha Pate, maji yakitoka chombo kizito hakipiti, na mlango wa Siyu, kijiji cha huko Pate, ndo usiseme. Sasa pigeni hesabu: mkiingia Siyu maji yamejaa, baada ya masaa 6 ni matope na mikoko tu, kwa hivo ama muone wagonjwa masaa mawili mkimbie, ama mlale huko. Laleni huko, watu wa Siyu ni wakarimu. Njia nyingine ni kushukia gati ya Mtangawanda, hapo hapo Pate, alafu mmalizie na bodaboda, ila hiyo ni ya madaktari, msije mkamtoa mgonjwa wa kiuno kwake mkampakia bodaboda njia ya mawe na mchanga ndo aje atibiwe kiuno. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 upepo wa kusi ukichachamaa njia ya Kizingitini na Kiwayu si ya wageni wenye kutapika, Ramadhani iepukeni, na siku za Maulidi hapa mjini hata pa kulala hamtapata.

Karatasi sina mengi. Daktari wa nje lazima apate laiseni ya muda kutoka KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, mafizio, yaani wataalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, wana baraza lao pia, na afya ya kaunti waandikieni mapema, sio wiki ya mwisho. Mtu akiwaambia "njoni tu tutaongea hapa" msije.

Kitu kinachoharibu kempu nyingi ni tangazo. Imamu anatangaza baada ya swala ya Ijumaa kuwa madaktari wa mgongo wanakuja bure, Langoni yote na Mkomani yote wanajaa ukumbini saa moja asubuhi, na nyinyi mna mafizio watatu. Fizio mmoja akimpa kila mtu dakika 20, masaa 6 ni watu 18, basi. Watatu ni 54. Mkijilazimisha 300 hakuna aliyetibiwa, wameorodheshwa tu. Kwa hivo msitangaze, wapeni kazi wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba, wawachague wao wiki mbili kabla, manake wanajua nani ameacha kazi kwa sababu ya mgongo na nani anataka tu kupimwa presha. Na waambieni waangalie hasa wakata mawe wa Maweni kule Manda, mahamali wa gatini wanaobeba simiti kilo 50 begani, mafundi wa vyombo Matondoni, na kina mama, kina mama hasa, sababu mwanamume akiumwa atasema barzani na mwanamke ataendelea kukuna nazi kwenye mbuzi amejikunja vile vile mpaka ashindwe kuinuka.

Na hapo hapo: muwe na fizio mwanamke, na pazia la kweli, sio shuka imefungwa kwenye kiti. La sivyo mama atavuliwa buibui na aibu kabla ya kuambiwa alale kifudifudi, na atawaambia haumwi.

Kempu ya kwanza niliyosaidia tulipokea maboksi ya mikanda ya kiuno kutoka kwa wafadhili, mikubwa, ya watu wenye miili yao. Tuligawa yote, tukapiga picha, tukafurahi. Mwezi haujaisha nikamwona punda anapita usita wa nyuma kafungiwa mzigo na ule mkanda, na wallahi nilijiambia angalau mmoja umepata kazi. Baadaye nikaja kujua kumbe hata wakubwa wenyewe wamesema, mwezi wa 12 mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno na mikanda imo kwenye vitu ambavyo haishauri vitumike kikawaida, pamoja na kuvutwa mgongo na dawa kali za jamii ya mofini. Inachoshauri ni kumuelimisha mtu, mazoezi, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen kwa uangalifu, na hata kukandwa. Umesikia, kukandwa. Kwa hivo mama mkandaji wa mtaani msimdharau, mualikeni akae na fizio siku nzima, afundishwe mambo mawili matatu ya hatari na yeye awafundishe wageni namna ya kuongea na wagonjwa wake.

Kuongea kwenyewe ni kazi. Mtu akisema "mshipa" anaweza kumaanisha neva, anaweza kumaanisha mshipa wa damu, na anaweza kumaanisha ngiri, na mkalimani mvivu ataandika chochote. Muulizeni aonyeshe kwa kidole. Na badala ya kumuuliza maumivu ni ngapi juu ya kumi, namba ambayo haimwambii kitu, muulizeni tangu lini anaswali kwenye kiti. Hilo swali ni zuri kuliko eksirei. Mzee atakwambia, nilianza mfungo mosi, rukuu ilinishinda, na hapo mnajua tatizo lina muda gani na lengo ni lipi, lengo ni arudi kusujudu. Kama ni maumivu ya kawaida tu kuinama hakumvunji, aanze kidogo kidogo, atembee kila siku, asilale kitandani wiki nzima. Wengi sana wenye kuumwa kiuno hawana kitu kilichovunjika wala kuoza, na skani za watu wazima wasioumwa chochote pia huonyesha pingili zimechakaa, kwa hivo kumtuma kila mtu Mombasa akapige emaarai (MRI) ni kumla pesa tu.

Lakini wachache hawa msiwaache waende nyumbani. Mtu aliyeumwa mgongo alafu ghafla mkojo haumtoki ama unamtoka bila kujua, na kafa ganzi pale anapokalia, huyo ni masaa, sio siku, chombo kiwe tayari avuke Mokowe na gari iwe inamngoja upande wa pili. Miguu inayozidi kuishiwa nguvu, hivo hivo. Mwenye kuumwa mgongo na homa za jioni, kakonda, jasho la usiku, mgongo umeanza kuchomoza kibyongo, mumshuku TB ya uti wa mgongo, mpelekeni hospitali ya King Fahd apimwe, dawa za TB serikalini ni bure na wengi hupona bila kisu. Aliyewahi kuugua saratani pia msimpuuze, wala aliyeanguka mnazini, na huyo wa mnazini asinyanyuliwe mabega na miguu kama gunia, abebwe kwenye ubao amenyooka.

Watoto nao, mkipata ruhusa ya shule na wazazi, muinamisheni mtoto mbele mikono ining'inie mumuangalie kwa nyuma, upande mmoja wa mbavu ukipanda kuliko mwingine huo mgongo unapinda, aandikwe, hasa wasichana wanaoanza kurefuka. Upasuaji msiufikirie hapa kabisa. Kule Ghana daktari Oheneba Boachie-Adjei alianzisha shirika la FOCOS mwaka 1998 kwa ajili ya migongo migumu kama hiyo, na hospitali yao wenyewe Accra ikafunguliwa 2012, miaka 14 baadaye, ndo mjue kisu cha mgongo si kazi ya wikendi. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anapelekwa kwa wataalamu wa watoto, hospitali ya Kijabe wana uzoefu wa miaka mingi, na kwenye bajeti hiyo nauli ya mama na chakula chake muiandike kabla ya tisheti za mavolontia.

Bajeti yenyewe basi, mafuta ya chombo yatawamaliza kuliko dawa, nusu ya pesa msiiguse mpaka kempu iishe. Hiyo ni ya kuwafuatilia wagonjwa wiki ya 2 na wiki ya 6. Mchagueni fizio wa hapa hapa, ama kama hakuna wa kutosha muhudumu wa jamii mmoja kila kijiji aliyefundishwa na wageni mazoezi matano kwa mkono wake, alipwe kredo ya simu na nauli, awapigie wale 54 mmoja mmoja: unatembea? umerudi kazini? ganzi imeingia? Jina la kila mgonjwa na namba yake liwe kwenye daftari, na daftari libaki kwa huyo mtu, likifungiwa kabatini, kabla begi la mgeni wa mwisho halijashuka gatini.