Kuhamisha hesabu za kampuni ya korosho kwenda mtandaoni

Usihame Oktoba, minada ya korosho inapoanza Mtwara na Lindi. Subiri msimu upoe, kisha chagua tarehe 1 ya mwezi.

Kwanza funga mwezi uliopita: fanya usuluhishi wa benki (linganisha vitabu vyako na taarifa ya benki), hakiki wadaiwa na wadai, chapisha urari (orodha ya bakaa za akaunti zote). Chukua nakala mbili za data, moja ikae nje ya ofisi, na ujaribu kuifungua. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Makosa mengi hutokea kwenye faili za Excel. Tarehe 03/04 inaweza kusomwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo. Namba ndefu za akaunti za benki hugeuka kuwa namba iliyofupishwa, kama 1.23E+12. Weka safu hizo kama maandishi kabla ya kuingiza data. Pakia orodha ya akaunti, wateja, bakaa anzia (salio la kila akaunti siku ya kuhama), mwisho ankara ambazo hazijalipwa. Urari mpya ulingane na wa zamani hadi shilingi ya mwisho. Tofauti yoyote itafutiwe chanzo, isizibwe.

Weka laini mbili za intaneti, za kampuni tofauti. Kompyuta ya zamani ibaki ya kusoma tu: sheria ya kodi inataka kumbukumbu za miaka 5.