Usiguse msasa kabla ya kusoma ubapa

Ukikutana na upanga wa ofisa wa jeshi la wapanda farasi la Uingereza, tuseme ule wa mtindo wa 1821 wenye kinga ya mkono ya vyuma vitatu vilivyopinda, tafadhali usikimbilie msasa. Nakshi za ubapani, kama herufi VR za Malkia Victoria chini ya taji, ni za juujuu mno. Ukisugua dakika chache zimekwenda, na thamani nayo.

Anza na mgongo wa ubapa, karibu na mpini. Kama ni kazi ya Wilkinson, watengenezaji wa panga wa London, huenda ukakuta namba imegongwa hapo. Kumbukumbu za kiwanda zinaweza kuonyesha mwaka uliouzwa, pengine hata mnunuzi.

Kutu nyekundu ipake mafuta ya cherehani, iache usiku kucha, kisha ifute kwa kitambaa laini. Weusi uliotulia uache. Mpini una ngozi ya samaki iliyozungushiwa waya: waya ukilegea, usitie gundi.

Mimi huchomoa upanga polepole, mgongo ukielekea chini ndani ya ala. Ala ya chuma iliyobonyea hukwaruza ubapa vibaya sana.