Kupunguza kelele ndani ya Land Cruiser mkonga kwa bajeti ndogo

Vipimo vya humu ni vya mkonga, yaani hardtop ya 70 Series, wa milango mitano wenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2. Ukiwa na Hilux ya zamani au Land Rover 110, badilisha mita za mraba tu. Mpangilio wa kazi ni ule ule. Na usitegemee gari ligeuke Crown, lile gari dogo tulivu la Toyota. Injini itaendelea kunguruma. Lengo ni dereva na abiria wa nyuma wasikizane bila kupayuka mkiwa 80.

Hatua ya 1: Jua kelele inatoka wapi kabla hujanunua chochote

Weka kwenye simu programu ya kupima desibeli. Funga simu kwenye kiti cha mbele usawa wa sikio, pandisha vioo, zima feni, kisha tembea 80 gia ya tano kwenye kipande kimoja cha lami tambarare. Kwa huku Mbeya, kati ya Igurusi na Chimala panafaa. Andika namba. Simu si kipimo cha maabara, lakini simu ile ile mahali pale pale inatosha kulinganisha kabla na baada. Sikio huhisi kelele imepungua nusu inaposhuka kama desibeli 10. Kazi ya bei nafuu ikikupa 3 hadi 5, imefanyika vizuri.

Halafu tenganisha vyanzo. Barabara ikiwa wazi, kanyaga klachi sekunde chache ukiwa 80. Kelele ikibaki vile vile, ni taili, upepo au giaboksi. Ikishuka sana, ni injini au ekzosi. Jaribio hili ni la tambarare tu. Mlima Nyoka au mteremko wa Iwambi si mahali pa kuachia gari bila gia, hata kwa sekunde tatu. Ukikuta tatizo ni taili za matope zenye meno makubwa, jua mapema kwamba hakuna mpira wa sakafuni utakaozinyamazisha kabisa.

Hatua ya 2: Matundu na vinavyolegea

Hapa ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa, na ndipo wengi wanaporuka. Tundu la kidole kwenye ukuta unaotenga injini na dereva linaweza kuharibu kazi ya mpira wote uliotandika.

Ramani ya bure ni vumbi. Baada ya safari ya barabara ya vumbi, inua kapeti uangalie michirizi: palipoingia vumbi ndipo inapoingia sauti. Kwa kawaida utaikuta kuzunguka buti za mpira za liva ya gia na liva ya 4WD, kwenye matundu ya waya na kebo, na pembeni mwa milango ya nyuma. Buti iliyochanika usiibandike gundi, badilisha. Tundu la waya lizibe kwa raba yake, halafu zungushia butili, ule utepe wa mpira laini unaonata.

Raba za milango zipime kwa karatasi. Bana kipande cha karatasi kati ya mlango na bodi, funga, vuta. Kikitoka bila ubishi, ama raba imekufa ama mlango umeshuka kwenye bawaba. Rudia kila baada ya sentimita 20 hivi, maana raba hufa vipande vipande.

Ekzosi inayovuja iwe imetengenezwa kabla hujaziba chochote. Washa gari likiwa la baridi na usikilize mlio wa "tsk tsk" kwenye maungio. Huo si usumbufu wa kelele tu; moshi unaoingia kwenye gari lililozibwa vizuri unaua.

Hatua ya 3: Fungua na ukaushe

Ondoa waya hasi wa betri. Gari lenye mifuko ya hewa, ambalo utaliona kwa soketi za njano chini ya viti na kwenye nguzo, liache dakika kadhaa kabla ya kugusa, na usiwashe swichi soketi zikiwa wazi. Toa viti, mikanda, kapeti na bodi za milango. Piga picha kila boliti ilipokuwa.

Sasa mwagia maji kioo cha mbele kwa mpira wa bustani, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Mkonga una tabia ya kuota kutu chini ya raba ya kioo hicho, na maji hushuka kimya hadi miguuni kwa abiria. Ukitandika juu ya sakafu inayovuja, kwa mvua za huku, hasa ukielekea Rungwe, bati litaoza huku juu pakionekana pasafi. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke kabisa. Vifuniko vya mpira vya matundu ya kutolea maji sakafuni usivifunike.

Hatua ya 4: Vifaa

Butili ya milimita 2 yenye karatasi ya alumini juu: mita za mraba 4. Kazi yake ni kutuliza mtetemo wa bati. Si lazima ifunike kila mahali. Ikishika robo hadi theluthi ya bati, katikati pale lisiposhikiliwa na kitu, faida kubwa umeshaipata. Wanaofunika bati lote wanalipia uzito.

Povu la EVA la milimita 5 au 6, aina ile ile ya ndala: mita za mraba 6. Halinywi maji, ndiyo sababu tunalitaka.

Mpira wa sakafu wa milimita 3, mzito na laini kukunjika: mita za mraba 4. Huu ndio unaozuia sauti nzito isipite. Jumla ya vyote ni kama kilo 35 juu ya gari.

Usivyonunua: sponji la godoro, kwa sababu linashika maji na kuwaka upesi kwa moshi wa sumu, trei za mayai, ambazo hazizuii chochote, na ule utepe wa lami wa kuzibia mapaa. Huo wa lami unadanganya kwa bei na kwa sura. Lakini gari la huku linaweza kuwa Kitulo asubuhi, juu ya mita 2,600, na Kyela mchana kwenye joto la Ziwa Nyasa. Lami hukakamaa Kitulo, na Kyela inalainika, inanuka na kuteleza. Kabla ya kununua, kata kipande unuse na ukibane kwa vidole: butili haina harufu kali ya lami na inavutika kama ubani wa kutafuna.

Hatua ya 5: Kubandika

Futa bati kwa spiriti, si petroli wala dizeli. Mafuta yanayobaki hufanya butili ibanduke yenyewe baada ya muda. Baridi nayo ni adui. Mwezi wa 6 na wa 7 Mbeya usibandike asubuhi. Subiri jua lipashe bati, au tumia draya ya saluni kwenye bati na kwenye butili.

Kata vipande vya sentimita 20 kwa 30. Vaa glavu, kwani ukingo wa alumini unakata kama wembe. Bandika, kisha sukuma kwa rola ndogo. Chupa ya soda nayo inafaa sehemu bapa. Alumini huja na michoro ya vijumba: endelea kukandamiza hadi michoro hiyo ilale. Ikibaki imesimama, bado hujamaliza. Puto la hewa litoboe kwa sindano. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: lililokuwa linalia kama debe sasa liseme "pu".

Paa lichukue butili kama robo, halafu EVA lote, na hapo mvua itapungua makelele. Tumia gundi inayovumilia joto. Ya kawaida huachia juani na povu linamwangukia dereva kichwani. Usiweke mpira mzito juu.

Mlangoni, bandika butili kwenye bati la nje kwa kupitia matundu ya ndani, kisha shusha kioo hadi mwisho uone kama kinagusa. Matundu ya chini ya mlango yabaki wazi. Nailoni uliyoikuta irudishe, kwani ndiyo inayoelekeza maji chini badala ya kwenye kapeti.

Sakafuni, butili kwanza, EVA juu yake, halafu mpira. EVA na mpira visigundishwe, ili uviinue na kuvikausha ukivuka mto. Vipande vya mpira vilaliane sentimita 5, panda navyo ukuta wa injini kadiri unavyofikia na uvifunge juu ya handaki la giaboksi. Kisha sukuma kila pedali hadi chini kwa mkono. Mpira ukigusa pedali ya mafuta, kata hapo hapo bila kuonea huruma.

Hatua ya 6: Kurudisha

Boliti za viti na mikanda zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Rudi barabara ile ile, 80, simu pale pale.

Kuna sauti utakazoanza kuzisikia ambazo zamani zilimezwa: difu inayolia ukiachia mafuta, beringi ya gurudumu inayovuma ukikata kona. Usiongeze mpira kuzifunika. Peleka kwa fundi. Na mvua kubwa ya kwanza ikipita, inua pembe ya mpira miguuni kwa abiria, upapase EVA kwa chini. Pakiwa na unyevu, toa vyote upande huo hadi upate maji yanapopitia.