Nyuzi kwenda radiani: shika 180 ni π

Ukiandika =SIN(30) kwenye Excel ukitarajia 0.5, utapata -0.988. Programu haijakosea, imesoma 30 kama radiani, kipimo kingine cha pembe, si nyuzi. Andika =SIN(RADIANS(30)) na 0.5 itatokea. Python nayo ni hivyo hivyo: math.radians(30) kwanza, ndipo sini.

Kwa mkono, shika kitu kimoja tu: nyuzi 180 ni π. Zidisha nyuzi kwa π, gawanya kwa 180. Mimi mara nyingi sifiki hata huko. Naanzia nyuzi 30, ambazo ni π/6, kisha nahesabu zimo ngapi. Kwenye 150 zimo tano, basi 5π/6. Kwenye 210 zimo saba, 7π/6. Kwa jamii ya 45 tumia π/4, hivyo 135 ni 3π/4.

Namba isiyogawanyika vizuri, mfano 73, izidishe kwa 0.01745, yaani π gawanya kwa 180, upate 1.274. Radiani moja ni kama nyuzi 57.3, kwa hiyo jibu la 73 lazima lipite 1 kidogo. Ukiona 4183, ulizidisha kwa 57.3 badala ya kugawanya.

Ukitaka kuiona radiani kwa macho, chukua gurudumu la baiskeli lenye nusu kipenyo cha sm 35. Kata uzi wa sm 35, ulaze kwenye ukingo wake. Pembe inayofunguka pale katikati, kati ya ncha mbili za uzi, ndiyo radiani moja. Robo mzunguko ni radiani 1.571, zidisha kwa 35, gurudumu limesogea sm 55.