Somo: Kupima jinsi joto linavyobadili mwanga wa mirija nano ya kaboni

Wanakikundi wa Arusha na Moshi, leo tunashughulikia mirija yenye ukuta mmoja, yaani tabaka moja la atomi za kaboni lililoviringwa kama bomba, ambayo kipenyo chake ni takribani nanomita 1, kwa njia ya Raman, yaani kumulika sampuli kwa leza na kusoma mwanga unaorudi ukiwa umebadilika rangi kidogo.

Hatua ya kwanza: tandaza sampuli nyembamba juu ya kipande cha silikoni, ukiweke kwenye sahani ya kupashia iliyo ndani ya gesi ya agoni, kwa kuwa mirija ikipata joto la nyuzi mia kadhaa penye oksijeni huungua.

Hatua ya pili ndiyo inayoharibu kazi nyingi, hivyo naomba isomwe kwa utulivu. Sampuli ni nyeusi kama masizi, na leza yenyewe huipasha moto. Kabla hujawasha sahani, pima kilele cha G, yaani kilele cha mwanga unaorudi kinachotokana na mtikisiko wa vifungo vya kaboni, kilicho karibu na 1590 cm⁻¹ (kizio cha kupimia badiliko la rangi ya mwanga), kwa nguvu ndogo ya leza, kisha uiongeze kidogo kidogo. Kilele kikianza kusogea kuelekea namba ndogo, rudi chini na ufanye kazi yote kwa nguvu hiyo ndogo.

Hatua ya tatu: pandisha joto polepole, ukisubiri litulie kabla ya kila kipimo. Kila nyuzi 10 za Selsiasi hushusha kilele kwa takribani 0.2 hadi 0.3 cm⁻¹, kwa sababu atomi zinapotikisika zaidi vifungo vyake hulegea. Pima tena wakati wa kushuka. Namba zisipolingana, sampuli imebadilika.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Je, naweza kusahihisha spektromita, yaani chombo cha kusomea mwanga huo, kwa kilele cha silikoni iliyo chini ya sampuli?*

Marahaba. Hapana, kwa sababu kilele hicho cha 520.5 cm⁻¹ nacho hushuka kwa joto, takribani 0.02 kwa kila nyuzi moja. Sahihisha kwa kipande kingine kilicho kwenye joto la chumba. Hicho cha chini kitakufaa kama kipimajoto.

*Mwalimu, kwa nini mirija inayong'aa haizimiki kwenye joto la kawaida?*

Mwanga huo hutoka kwenye eksitoni, yaani elektroni iliyoshikamana na nafasi iliyoiacha. Katika mrija mwembamba mshikamano huo hufikia takribani 400 meV (kizio kidogo cha nishati), ilhali joto la chumba hutoa kama 25 meV tu, kiasi kisichotosha kuzitenganisha.