Kuhama Kutoka Amplifaya ya Valvu Kwenda Modela na Spika ya Masafa Yote: Mwongozo kwa Wapiga Gitaa wa Mwanza

Amplifaya ya valvu ya Fender Twin Reverb ina uzito wa kilo 29 hivi. Kuipandisha ngazi za ukumbi wa ghorofani Kirumba au kuishusha kwenye gati la Nansio ni kazi ya watu wawili, na valvu ikifa njiani hakuna duka jirani la kukuuzia nyingine. Modela, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga sauti ya amplifaya, ni nyepesi: ndogo kama HX Stomp ina kilo moja na ushee, inaingia kwenye begi la mgongoni, na bodaboda anakubeba bila kuongeza nauli. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi wanahama. Wengi pia hurudi nyuma baada ya wiki chache wakisema sauti haina uhai, na karibu kila mara chanzo ni mpangilio. Kifaa chenyewe hakina kosa.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni hili: sehemu kubwa ya sauti unayoiita "ya valvu" inatoka kwenye spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuporomoka baada ya kama 5 kHz, hivyo inameza mikwaruzo yote iliyo juu ya hapo. Spika ya masafa yote haimezi kitu. Inafika 18 kHz na zaidi, na inatoa kila unachoipa. Ukiipelekea sauti ya amplifaya tupu, bila mfano wa boksi la spika, utasikia nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo ndani ya modela unajenga vitu vitatu, yaani amplifaya, boksi la spika na maiki iliyowekwa mbele ya boksi hilo. Ukikosea cha pili au cha tatu, cha kwanza hakitakuokoa hata kiwe kizuri vipi.

Ununue nini

Kwenye modela angalia mambo manne. Iwe na njia za kutosha za kutoa sauti ili moja iende mikisa na nyingine iende kwenye spika yako. Volyumu ya njia hizo iweze kutenganishwa, ili ukijiongezea sauti jukwaani usimvurugie fundi mitambo. Iweze kupakia faili za IR, ambazo ni rekodi fupi za jinsi boksi na maiki fulani vinavyoitikia sauti. Na adapta yake iandikwe 100–240 V, 50/60 Hz, kwa sababu umeme wetu ni 230 V. Hapa modela inaishinda amplifaya iliyokuja na mtu kutoka Marekani. Ile ya 120 V inahitaji transfoma, na ukiichomeka moja kwa moja inaungua.

Usiazime adapta ya pedali. HX Stomp inatumia 9 V na 3 A, wakati adapta nyingi za pedali zinatoa 500 mA au chini. Kifaa hakitawaka, au kitawaka kisha kijizime katikati ya wimbo.

Kwa upande wa spika, huna lazima ya kununua iliyoandikwa kwamba ni ya gitaa. Spika aktivu ya mitambo (yenye amplifaya ndani yake) ya inchi 10 au 12, yenye tuita nzuri (spika ndogo ya sauti za juu), inafanya kazi ileile. Yamaha DXR10, kwa mfano, ina kilo 14.6, nusu ya ile Twin. Makanisa na kumbi nyingi tayari zina spika za aina hii, kwa hiyo jaribu ya mtu kabla hujatoa hela. Za inchi 15 tunaziweka mwisho: besi ni nyingi, lakini sauti za kati, mahali gitaa linapoishi, mara nyingi hazitoki wazi.

Wati zinazoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe. Nyingi ni za kilele. Soma kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli, na tafuta 125 dB au zaidi kama unapiga na dramu. Anayepiga sebene asipunguze hapa hata kidogo. Sauti safi ya solo ina vilele vikali kila kidole kinapogusa uzi. Valvu ilikuwa inavilainisha vilele hivyo yenyewe, spika ya masafa yote inavitoa vilivyo. Spika ndogo itaanza kujikaba, taa yake nyekundu itawaka, na solo itapotea nyuma ya kinanda.

Kujenga sauti ya kwanza

Anza na msururu mfupi: gitaa, kompresa, amplifaya, boksi au IR, ikwalaiza, dilei, riveb. Acha mengine yote. Kama modela ina lupa (sehemu inayorekodi unachopiga na kukirudia), iweke mwanzo kabisa wa msururu, piga mistari michache ya solo na ya ridhimu, kisha iache izunguke. Sasa una mikono miwili ya kuzungusha vitufe, na unaweza kutembea hadi mlango wa ukumbi ukasikia kile watakachosikia watu. Hakuna njia nyingine inayookoa muda kama hii.

1. Chagua amplifaya inayofanana na uliyokuwa nayo, na uiache kwenye mipangilio yake ya kiwandani.
2. Chagua boksi. Hapa ndipo pa kutumia saa nzima. Badilisha boksi kabla hujagusa trebo. Maiki ya SM57 ina makali, ya riboni kama R-121 ni laini, na kuchanganya hizo mbili mara nyingi kunatosha.
3. Kata sauti zilizo chini ya 80 hadi 100 Hz. Gitaa la ridhimu linalopiga pamoja na besi, dramu na kinanda linaweza kukatwa hadi 120 Hz, na bendi nzima itapumua.
4. Kata sauti za juu. Anza na 7 kHz. Sauti ya ovadraivu inaweza kushuka hadi 6, na solo safi ya sebene ipandishe hadi 8 au 9 ili ule mng'ao wa uzi ubaki.
5. Baada ya hayo ndipo uguse besi, kati na trebo za amplifaya.

Kwa solo safi, mfano wa Twin au wa Roland JC-120 ni mwanzo mzuri. Kompresa iwe 3:1, ipunguze desibeli tatu au nne tu kwenye vilele. Dilei fupi ya kama 150 ms, kiasi cha asilimia 15, inanenepesha solo bila kuitia ukungu. Kwa nyimbo za kuabudu zinazotaka ile dilei inayoruka, gawanya 60,000 kwa tempo kisha zidisha kwa 0.75. Tempo ya 120 inakupa 375 ms.

Faili za IR ziwe WAV, na modela nyingi zinataka 48 kHz. Usipakue mia tano. Chagua tatu, zijue, kisha futa nyingine.

Kosa linalowarudisha watu kwenye valvu

Unatengeneza sauti usiku chumbani, Igoma au Nyegezi, kwa sauti ndogo ili majirani walale. Inapendeza sana. Jumamosi unaifungulia ukumbini na inageuka: besi inavuma, trebo inachoma masikio, na katikati hakuna kitu. Modela haijaharibika. Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu linasikia besi na trebo hafifu kuliko sauti za kati. Chumbani uliziongeza bila kujua ili kufidia. Ukumbini sikio linazisikia zote, na ile nyongeza inakugeuka.

Dawa ni moja tu. Tengeneza sauti kwa kiwango cha jukwaani. Omba ukumbi au kanisa saa za mchana, weka spika mita mbili kutoka ulipo, na tumia programu ya simu ya kupima sauti, angalau kama makadirio. 90 hadi 95 dB inatosha. Weka sauti zako zote sawa kwa kiwango, halafu ile ya solo iongezee 3 dB kwa volyumu ya mwisho wa msururu. Ukiiongeza kwa gein (kitufe cha kiasi cha mkwaruzo wa amplifaya), solo itazidi kukwaruza bila kusogea mbele.

Viwango na kebo

Volyumu ya spika iwe katikati, mahali wengi wamepaandika 0 dB. Ingizo lake liwekwe LINE. Likiwa MIC, sauti itakwaruza hata ukipiga taratibu, na utaanza kulaumu IR bure. Kebo ya kwenda mikisa iwe XLR, na kama chaneli ya mikisa ni ya maiki tu, ishushe modela kwenye kiwango cha maiki. Mwombe fundi azime 48 V (umeme ambao mikisa hupelekea maiki) kwenye chaneli yako.

Ukisikia mvumo wa umeme, bonyeza kitufe cha kukata ethi kilicho kwenye modela au kwenye DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa). Kitufe hicho kinakata waya wa ethi wa kebo ya sauti tu, na hakina hatari. Usivunje wala kuziba pini ya ethi ya plagi ya umeme, hata kama mvumo unakufanya ukose raha. Ekstensheni nyingi za kumbini hazina ethi kabisa, na mpiga gitaa anayegusa uzi huku midomo iko kwenye maiki anaweza kupigwa shoti kali. Beba tesita ya soketi. Hakikisha pia jukwaa na mikisa vinatumia chanzo kimoja cha umeme. Jukwaa likiwa kwenye jenereta na mikisa kwenye TANESCO, unaalika mvumo na hatari kwa pamoja.

Jenereta ikiwashwa, iache itulie dakika moja au mbili ndipo uchomeke. Washa modela kwanza na spika mwisho. Wakati wa kuzima, spika itangulie. Ukigeuza mpangilio huo, kile kishindo kinachotoka kinaweza kuiua tuita.

UPS (betri ya akiba ya umeme) ya 650 VA ni ununuzi wa maana kuliko pedali yoyote. Modela inachukua muda kuwaka upya, na umeme ukikatika kwa sekunde moja tu, wewe unakaa kimya wakati wenzako wanaendelea. UPS hiyo ina kazi nyingine: kusasisha programu ya ndani. Usisasishe kamwe bila hifadhi ya umeme, maana ukikatika katikati ya kazi kifaa kinaweza kugoma kuwaka. Hifadhi sauti zako kwenye kompyuta kwanza, kisha sasisha. Na usifanye hivyo siku ya shoo.

Jukwaani

Tuita inapiga kama kurunzi: aliye mbele yake anasikia kila kitu, aliye pembeni anasikia kidogo. Inyanyue spika hadi usawa wa masikio, au ilaze kama monita ikuangalie usoni. Ukiiweka sakafuni kwenye kona, besi itavimba. Isogeze mbali na ukuta kwanza kabla ya kugusa ikwalaiza.

Mpiga dramu na mpiga besi walizoea kusikia amplifaya yako ikiwa nyuma yao. Sasa haipo. Waambie mapema, na muombe fundi awawekee gitaa kwenye monita zao, la sivyo ridhimu italegea na hakuna atakayejua kwa nini.

Modela inachelewesha sauti kwa milisekunde mbili au tatu, sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Hulioni hilo. Ukiongeza waya-less ya kidijitali, na spika yenye usindikaji wake, zinajumlishwa. Ukihisi vidole vinakimbia mbele ya sauti, ondoa waya-less kwanza.

Kuna atakayesema bado haisikiki kama amplifaya iliyo chumbani. Yuko sahihi, kwa sababu anasikia amplifaya iliyorekodiwa kwa maiki ya karibu, sauti ileile ambayo hadhira ilikuwa ikiisikia miaka yote kupitia mitambo. Riveb ndogo ya chumba, asilimia 8 hadi 10, inasaidia. Asiyeridhika atumie boksi la kawaida la gitaa na amplifaya ya nguvu jukwaani. Mfano wa boksi uzimwe kwenye njia hiyo peke yake na uachwe ukiwaka kwenye njia ya mikisa.

Ziwa nalo lina yake

Unyevu wa ufukweni unaotesha kutu kwenye jeki. Dawa ya kusafisha kontakti, mara moja kila miezi michache, inaondoa mikatiko ambayo watu huidhania ni ubovu wa modela. Wadudu wa ziwani wakija kwa wingu jioni hufuata mwanga, na kioo cha modela ni mwanga. Kwenye baa za ufukweni punguza mng'ao wa kioo, ziba matundu ya jeki usiyoyatumia, na usiuelekeze upande wa matundu ya hewa ya spika kwenye taa. Kwa safari za Ukerewe, weka modela kwenye sanduku gumu na vifuko vya kunyonya unyevu, na ikae nawe ndani ya kivuko, mbali na sitaha ya magari.

Usiuze amplifaya ya valvu mpaka umepiga shoo kadhaa bila kuihitaji. Ukiihifadhi, usiifungue ndani kwa mikono yako: kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Na kwenye begi lako weka kila siku kebo ya XLR ya ziada, jeki mbili, na DI moja. Modela ikigoma katikati ya harusi, gitaa linaingia kwenye DI, DI inaingia mikisa, fundi anakata sauti zilizo juu ya 6 kHz na kuongeza riveb kidogo, na solo safi inaendelea hadi mapumziko.