Kabla hujamwekea paka dawa ya viroboto, soma kopo kwanza

Viroboto wa Dar hawana msimu, joto lipo unyevu upo, wanazaana Januari mpaka Desemba. Ila ukiona paka anajikuna usiku kucha usikimbilie dukani. Chukua kitana chenye meno ya karibukaribu, mchane pale juu ya mkia na shingoni, vile vipunje vyeusi vinavyodondoka viweke kwenye tishu iliyolowa. Vikiacha rangi kama ya kutu basi ni viroboto, maana hayo ni mavi yao na ndani yake ni damu ya paka wako. Visipoacha rangi inawezekana ana fangasi au ukurutu, dawa ya viroboto hapo utatupa hela tu.

Sasa kwenye dawa yenyewe ntakaa kidogo maana yalinikuta. Nilikuwa nakaa Tabata, paka wangu Tui kajaa viroboto mpaka masikioni, nikaenda duka la dawa za mifugo jamaa akanimiminia dawa ya kuogeshea mbwa kwenye kichupa cha soda, lebo hamna, akaniambia weka vifuniko viwili kwenye ndoo, mbwa na paka si walewale tu. Masaa mawili baadae masikio ya Tui yanachezacheza yenyewe, udenda unamtoka, miguu ya nyuma inatetemeka kama kashikwa na umeme. Mama mmoja jirani ndo akanipigia kelele nimuoshe haraka na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamfunga kwenye kanga, bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Alipona lakini siku mbili nzima alikuwa anatetemeka.

Kilichomfanya vile ni pemethrini, kwenye kopo utaikuta imeandikwa permethrin. Ini la mbwa linaivunja fasta, la paka haliwezi, kwa hiyo inabaki mwilini inachezea mishipa ya fahamu. Dawa ya maji au ya unga yenye jina linaloishia na -methrin usimpake paka, na amitraz ile ya kupe wa ng'ombe nayo iache hukohuko dukani. Na kama una mbwa kapakwa dawa yenye pemethrini na wanalala kochi moja na paka, watenganishe siku tatu.

Kwa hiyo kichupa kisicho na lebo usinunue hata kikiwa bei ya bure. Tafuta kopo lililoandikwa kabisa ni la paka, majina ya kuangalia ni fipronil, selamectin au imidacloprid, angalia tarehe ya kuisha, halafu uzito na umri. Uzito ni rahisi, panda mzani umembeba halafu utoe uzito wako. Usichukue dozi ya mbwa mkubwa ukaigawa kwa macho. Nyingi zinaanzia wiki 8, vitoto vya chini ya hapo ni kitana tu na bakuli la maji ya sabuni la kuwazamishia viroboto unaowatoa, mpaka daktari aseme vingine, ila usivizembee maana viroboto wengi wanaweza kukimaliza damu kitoto.

Mafuta ya taa, kitunguu saumu, yale mafuta ya kunukia ya kwenye vichupa, hapana. Paka anajilamba kutwa nzima, chochote unachompaka hesabu umemlisha.

Na nyumba usiisahau, kiroboto unayemuona ni sehemu ndogo tu ya waliopo, mayai yanadondoka kwenye mkeka na kochi na wengine wanakaa kwenye vifukofuko hata miezi. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, sogeza kochi ufagie. Ukipuliza dawa ndani mtoe paka mpaka pakauke, na kama wapo watatu wote wawekewe siku moja.

Dawa ya matone unamwekea paka nyuma ya shingo chini ya kisogo, unapanua manyoya mpaka uone ngozi, pale ulimi haufiki. Weka asubuhi ya siku ambayo daktari anapatikana, namba yake iwe kwenye simu kabla hujafungua paketi. Tui mpaka leo nikimwekea nalala naye chumbani usiku wa kwanza, naamka kila mara kumulika masikio yake na tochi ya simu, na yeye anachukia kweli.